Macho Mekundu ya Mama

Somo la mwezi huu, la kusomwa na jamaa yote nyumbani. Kwanza someni 1 Samweli 1:1–18, kisha Yohana 19:25–27.



Mwezi huu nataka tujifunze habari ya dhambi moja ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa dhambi, maana haina kelele. Mwizi hukamatwa, mlevi huonekana njiani, mgomvi husikiwa na majirani. Lakini mtu mwenye ubinafsi aweza kuketi kwa utulivu nyumbani mwake, akamshukuru Mungu kwa chakula, akala, akalala, asiseme neno baya hata moja, na huku watu wa nyumba yake ni wageni kwake miaka ishirini. Twadhani ya kuwa ubinafsi ni kunyang'anya vitu vya watu. Ndiyo, lakini mzizi wake u chini zaidi. Mzizi wake ni kutoona. Ni kukaa na mtu mchana na usiku wala usimjue, kwa sababu hukupata kumwuliza habari zake.

Tena nataka mjue ya kuwa dhambi hii ya kimya, katika nchi yetu ya Usukuma na pwani za ziwa, imezaa damu.

1. Jiko la mama yangu

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikawahukumu wengine kwanza. Nalipokuwa nikisoma chuo cha uchungaji, nalirudi nyumbani wakati wa likizo. Mama alinipikia kila siku. Mimi nalikaa nje chini ya mti pamoja na watu waliokuja kunisalimu, nikawaeleza mambo ya chuo, nao wakasikiliza kwa furaha. Chakula kikija, nalikula. Nalijua ya kuwa macho ya mama ni mekundu na kwamba hutoka machozi. Lakini naliyaona kama mtu aonavyo rangi ya mlango wa nyumba yake. Sikuuliza neno.

Siku moja mvua kubwa ilikuja ghafula kutoka ziwani, nami nikakimbilia jikoni, maana ndiko kulikokuwa karibu. Mama alikuwa ameinama mbele ya mafiga. Kuni hazikuwapo, alichochea miti mikavu ya pamba na samadi ya ng'ombe, nayo ilikuwa imeingia unyevu. Moshi ulijaa hata paa halikuonekana. Sikuweza kukaa humo muda wa kusali Baba Yetu mara mbili. Nalitoka nikakohoa mvuani. Mama akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe hujazoea." Nikamwuliza, "Mayu, wewe umezoea tangu lini?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Tangu kabla hujazaliwa. Lakini macho hayajazoea."

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Nalikuwa kijana mwenye elimu. Naliweza kutaja wafalme wa Yuda kwa taratibu yao, nalikuwa nimeanza kusoma Kiyunani. Lakini sikujua kwa nini macho ya mama yangu ni mekundu. Yalikuwa mekundu kwa ajili yangu. Kila chakula nilichokula tangu utoto kilitoka katika moshi ule.

2. Jambo lililotupata Usukuma

Ninyi mkaao pande za Mwanza na Shinyanga mmekwisha kujua kwa nini nataja macho mekundu. Kwa miaka mingi watu wa kwetu wamesema ya kuwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu ni mchawi. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, au mambo ya nyumba yakiharibika, watu huenda kwa mpiga ramli. Naye mara nyingi hataji jina. Huwaambia tu ya kuwa adui yu karibu, ni mtu wa jamaa, ni mwanamke wa makamo makubwa. Nao hurudi nyumbani wakitazama macho.

Serikali ilipofanya uchunguzi, ilionekana ya kuwa tangu mwaka 1970 hata mwaka 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika Tanzania bara kwa ajili ya maneno ya uchawi. Zaidi ya nusu yao waliuawa katika nchi ya Wasukuma, na walio wengi ni wanawake. Wala jambo hili halikukoma mwaka ule. Liliendelea hata miaka ya 1990 na baadaye. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Tena mwaka 2015, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli wachonganishi. Sheria hizo zafaa, nasi tuzitii. Lakini sheria hungoja nje mpaka tendo limetendeka. Haiwezi kuketi jikoni pamoja na mama na mwanawe wakazungumza.

Sasa fikirini, macho yale yalipataje kuwa mekundu? Nchi yetu imepungukiwa na miti. Misitu ilikatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba, na malisho ya ng'ombe, na kufukuza mbung'o. Kwa hiyo mwanamke hupika kwa mabua, kwa miti ya pamba na kwa samadi, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi wa miaka arobaini huyafanya macho kuwa mekundu. Wengine wameugua ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma, nao una dawa hospitali. Basi mmeona jambo la kutisha? Alama ya kazi aliyowafanyia watoto wake ndiyo iliyosomwa kuwa alama ya uchawi wake.

Tena walioyachungua mashauri haya wameona ya kuwa mara nyingi nyuma ya neno la uchawi liko neno la shamba. Mjane ana shamba alilolilima na marehemu mumewe, ana ng'ombe wachache, na wako watu wa ukoo wanaovitaka. Hapo ubinafsi hutumia mikono miwili: kwa mmoja hunyosha kutwaa mali, na kwa mwingine hujifunika uso wake, asimwone mwenye mali.

3. Moyo uliojikunja

Wakristo wa Kilutheri tumejifunza Katekisimo Ndogo, ambayo Dr. Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Haya, tuipime habari hii kwa Amri. Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Ya Tano yatukataza kuua. Ya Nane yatukataza kumshuhudia mwenzetu uongo. Na Luther akiifafanua atufundisha ya kuwa haitoshi kunyamaza, bali tumtetee mwenzetu, tuyapokee mambo yake kwa maana iliyo njema. Ya Tisa yatukataza kutamani nyumba ya mwenzetu. Mtu anayemnong'onezea mama mzee kwa ajili ya macho yake na shamba lake amezivunja nne hizi kwa mara moja. Na kabla ya hizo alikwisha kuivunja ya Kwanza, maana alipata hofu akaenda kwa mwingine asiyekuwa Mungu.

Huyo Luther, alipowafundisha wanafunzi wake Waraka kwa Warumi miaka ya 1515 na 1516, alieleza ya kuwa dhambi imeukunja moyo wa mwanadamu ukajielekea wenyewe, hata katika mambo ya Mungu hutafuta faida yake. Mmemwona jongoo njiani? Ukimgusa hujikunja, na macho yake hayaoni kitu ila tumbo lake. Ndivyo ulivyo moyo wetu ukiguswa na msiba, au hofu, au tamaa. Ndiyo maana mithali yetu husema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Watu wakipatwa na shida hupenda sana mithali hiyo, kisha hugeuka kumtazama mama mkwe, au shangazi, au mke mwenza. Mimi nasema mithali ni ya kweli, lakini hawakutafuta karibu ya kutosha. Iliyo karibu kuliko nguo ni ngozi, na ndani ya ngozi uko moyo.

4. Mvuvi na maswali matatu

Mtu mmoja mvuvi wa dagaa alinijia miaka kadhaa iliyopita. Amenipa ruhusa kuandika habari zake, nami silitaji jina lake wala kijiji chake. Mtoto wake wa pili alikuwa amekufa kwa homa. Mkewe, katika uchungu wake, alianza kusema ya kuwa mama mkwe alikuwa akimtazama mtoto vibaya. Majirani walisaidia maneno. Mvuvi alikuwa amekwisha kwenda kwa mpiga ramli kwa siri, naye aliambiwa yale yale ambayo wote huambiwa. Akaja kwangu usiku, akaniuliza, "Mchungaji, nifanye nini na mama yangu?"

Sikumjibu upesi. Nalimwuliza maswali matatu. La kwanza: Mama yako amezika watoto wangapi? La pili: Usiku ule mtoto alipozidiwa, na wewe u ziwani, nani alimbeba mpaka zahanati? La tatu: Mama yako huogopa nini?

Hakuweza kujibu hata moja. Akasema, "Mimi ni mtu wa ziwani." Nayo ni kweli. Mnajua kazi ya dagaa: ni kazi ya usiku wa giza, watu huwasha taa juu ya maji, hurudi mwaloni alfajiri, hulala mchana, na jioni hutengeneza nyavu tena. Wengine hukaa kambini visiwani majuma mengi. Lakini mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, na wavuvi hupumzika. Basi nikamwambia, "Mbalamwezi iko karibu. Siku hizo tatu usiende kilabuni wala mjini. Keti na mama yako jikoni. Umwulize maswali haya, wala usimkatize anapojibu. Kisha uje kwangu. Mpaka hapo usimtende neno lo lote, wala usimruhusu mtu mwingine."

Alirudi siku ya nne. Aliketi kitambo kirefu kabla ya kusema. Mama yake alikuwa amezika watoto wanne kabla ya kumzaa yeye. Yeye alijua habari ya mmoja tu. Usiku ule wa homa, ndiye huyo bibi aliyemfunga mtoto mgongoni akaenda naye kwa miguu gizani, kwa sababu mkwewe alikuwa mjamzito wa miezi minane. Na kwa swali la tatu, yule mama alikataa kujibu siku mbili. Siku ya tatu alimwambia ya kuwa yeye huogopa usiku. Katika kijiji cha pili mwanamke rika lake alikatwa panga kitandani pake. Tangu alipopata habari ya kuwa mwanawe amekwenda kwa mpiga ramli, amekuwa akiuzuia mlango kwa kinu kila alalapo.

Mvuvi akaniambia, "Mchungaji, mama yangu alizuia mlango kwa ajili yangu." Akalia, nami sikuwa na neno la kuongeza.

Sitaki mdhani ya kuwa mambo yote yalipona siku ile. Mkewe alikaa miezi mingi kabla hajaweza kula sahani moja na mkwewe, maana mwenye kufiwa hana budi kupewa muda. Lakini mvuvi alikwenda mbele ya wazee wa ukoo akakana yale aliyoambiwa na mpiga ramli. Tena alifanya jambo moja dogo linalonipendeza sana: alitoboa dirisha katika ukuta wa jiko la mama yake, akamjengea jiko la udongo lenye njia ya moshi. Kutubu kwake kulionekana kwa macho.

5. Elkana, Eli na Hana

Labda mtu atasema, "Mimi huwauliza watu wangu habari zao kila siku." Vema, lakini tazameni habari ya Hana, mpate kujua ya kuwa kuuliza nako kuna namna mbili.

Elkana mumewe alimpenda kweli. Alimwona akilia wala hali chakula, akamwuliza sababu. Lakini hakungoja jibu. Mara alijitaja mwenyewe, akimwuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. Alianza na huzuni ya mkewe, akamalizia na sifa zake mwenyewe. Nasi tu kama yeye. Mtoto akisema amechoka, twamwambia jinsi sisi tulivyochoka zamani zetu. Mke akianza kueleza shida, twahesabu fedha tulizoleta.

Kisha tazameni Eli. Yeye alikuwa kuhani, mtu wa mambo ya Mungu, kama mimi. Aliona midomo ya Hana ikitikisika pasipo sauti, akamhukumu kuwa mlevi. Kwa alama ya nje akamhesabu mwanamke mwenye sala kuwa mwanamke mwovu. Ndugu, hapa pana tofauti gani na macho mekundu? Lakini Eli ana jambo moja la kusifiwa. Hana alipojibu, alimsikiliza. Na aliposikia aliliacha neno lake la kwanza, akambariki. Hakuona aibu kuonekana amekosa mbele ya mwanamke. Na katika habari ya wanadamu wawili wale, faraja ya Hana ilianza hapo aliposikilizwa.

Tena kumjua mtu si kumsifu tu. Ukimwuliza baba yako habari zake, pengine utasikia mambo magumu. Utajua ya kuwa alikosa, au kwamba aliumizwa, na maumivu hayo amekutia wewe pia. Wako wazee wakali, wako watoto wakaidi. Wote wana haki ya kujulikana kama walivyo, maana hata sisi Mungu atujua kama tulivyo, na akitujua hivyo hakututupa.

6. Macho ya Bwana msalabani

Nimesema ya kuwa moyo ukiguswa na maumivu hujikunja. Ni nani basi atakayeukunjua? Shauri jema halitoshi. Nalimpa mvuvi maswali matatu, lakini moyo wa kuyauliza hakuupata kwangu.

Mtazameni Bwana Yesu juu ya msalaba. Hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kujifikiri mwenyewe kuliko yeye saa ile. Misumari i mikononi, dhambi za ulimwengu zi juu yake. Katika saa ile alimwona mama yake. Alimwona ya kuwa amesimama pale, ya kuwa atabaki pasipo mtu wa kumtunza. Akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Moyo wake haukujikunja hata hapo.

Na macho yale yale yalituona sisi. Kwa hiyo Mkristo hana haja tena ya kujilinda na kujitafutia kila saa, kwa sababu yuko mwingine anayemwona na kumlinda. Mtu aliyekwisha kujulikana na kusamehewa apata nafasi moyoni mwake ya kumjua mwenzake. Hivyo msifanye mambo haya ili mpate kibali kwa Mungu. Yafanyeni kwa kuwa kibali mmekwisha kupewa bure.

7. Mambo ya kufanya mwezi huu

Kwanza: Kila mwanamume aingie jikoni kwake mara moja wakati wa kupika, akae humo mpaka chakula kiive. Akishindwa na moshi, atajua la kufanya na ukuta.

Pili: Wavuvi, zile siku za mbalamwezi zitoeni kwa watu wa nyumbani. Na ninyi wa kazi nyingine, chagueni siku. Mjue mtoto yuko darasa gani, rafiki yake ni nani, tena ni jambo gani linalomtia hofu.

Tatu: Mtu akija nyumbani kwenu na neno la uchawi juu ya mama mzee, mwulizeni yale maswali matatu. Kama hawezi kuyajibu, mwambieni hajui habari za mtu anayemsema. Kisha msikae kimya: waambieni wazee wa usharika, na mwenyekiti wa kijiji, na polisi upesi, maana maisha ya mtu yamo hatarini.

Nne: Wazee wetu, msiwafiche watoto habari zenu zote. Mkizikwa na habari hizo, watoto watabaki na maneno ya majirani tu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Je, ni neno gani juu ya mama yako au baba yako ulilolijua mwaka huu, ambalo hukulijua mwaka jana?
Elkana alikosa wapi katika kuuliza kwake? Eli alifanya nini alipoona amekosa?
Katika nyumba yetu, ni nani ambaye hakuna amwulizaye habari zake?

Sala

Ee Bwana Mungu, wewe uliyetujua tungali tumboni mwa mama zetu, utusamehe kwa kuwa tumekula chakula chao wala hatukuyatazama macho yao. Utukunjulie mioyo yetu. Uwalinde wajane na wazee wote walalao na hofu usiku huu katika vijiji vyetu, na uifanye milango ya watoto wao kuwa mahali pa salama. Kwa Yesu Kristo, Mwana wako, aliyemwona mama yake msalabani. Amin.